Prime World: Defenders, gemu ya kadi na minara: ninunue ao niache?

Kijana_Katuba

Jambo yenu. Naomba ushauri kwa wenye kupenda gemu za minara, zile ambamo adui wanapita njia yao na wewe unajenga minara kandokando wasifike mwisho. Kwa simu nimecheza nyingi. Sasa yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) amehamia Likasi, akaniachia laptopu yake ya ofisi. Haina kadi ya picha yenye nguvu, lakini batri ingali inashika.

Nimeitupia jicho Prime World: Defenders. Waliotengeneza ni Nival, walewale wa Heroes of Might and Magic V, na ilitoka 2013. Kinachonivuta ni kwamba kila mnara ni kadi. Unashinda vita, unapewa kadi, unaziunganisha zipate nguvu, halafu kabla ya vita inayofuata unachagua zipi uende nazo. Uchawi, mazimwi, mji wa kale uliojaa hazina, hayo ndiyo mambo yangu.

Lakini nikisoma maoni ya watu naona makundi mawili ambayo hayasikilizani. Hawa wanasema ni tamu mno. Wale wanasema ni kazi ya kuchosha, unarudia vita zilezile mpaka macho yanauma. Nimwamini nani?

Hali yangu ni hii. Katuba, hapa Lubumbashi, umeme unakuja ukitaka wenyewe, sana sana usiku, delestaji (kukatwa umeme) haina ratiba. Intaneti ni ya simu, nanunua forfe (bando) ya wiki. Na pesa ya gemu ni kidogo: nikinunua hii, ingine ni mpaka mwisho wa mwaka. Mdogo wangu anasema niache hayo yote nipakue Clash Royale tucheze naye, ni ya bure. Mnasemaje?

Ruashi_Boy

Kingdom Rush. Usipoteze muda.

Kijana_Katuba

Kwa nini lakini, mukubwa? Elezea hata kidogo.

Ruashi_Boy

Ya Ironhide, watu wa Uruguay, 2011. Minara ya aina nne tu: wapiga mishale, kambi ya askari, wachawi, mizinga. Kila mtu anaanza na hiyo hiyo. Ukishindwa, umeshindwa wewe, usisingizie bahati. Na haidai intaneti ukiwa unacheza.

Usiku_Kamalondo

Kijana, mimi hiyo Prime World: Defenders nimeicheza mpaka hadithi yake ikaisha, ngoja nikupe nilichokiona.

Kwanza ondoa kichwani wazo la karata. Hapa huvuti kadi kwenye fungu, wala hungoji kadi nzuri ikufikie mkononi. Zile ulizochagua kabla ya vita ziko zote mbele yako tangu mwanzo, na unajenga kadiri unavyopata nguvu ya kulipia. Ukiua adui unapata nguvu zaidi, unajenga zaidi ao unaimarisha ulichojenga. Yaani ndani ya vita ni gemu ya minara kama zote unazozijua. Kadi zinafanya kazi nje ya vita: unapochagua, unapokuza, na unapopewa zawadi. Bahati inakungojea pale kwenye zawadi.

Utamu wake uko kwenye kuchagua. Nafasi ni chache, huwezi kubeba kila kitu. Vita ina adui wa kuruka? Ule mnara wako mkubwa unaopiga chini tu, uache nyumbani hata kama unaupenda. Njia ni fupi? Beba wa kupunguza mwendo, maana bila huo wanakupita kabla minara mingine haijawasha moto. Nilikuwa nakaa kwenye kuchagua muda mrefu kuliko vitani, na nikishinda nilijua nimeshinda kabla sijaweka mnara hata mmoja. Gemu nyingi za minara hazina hilo. Zinakupa vyote, unafuata mazoea.

Tena Nival si wageni kwenye kadi. Etherlords yao ya 2001 ilikuwa ya kadi za uchawi tayari.

Sasa uchungu. Ili kadi moja ipande, unailisha kadi zingine, na zile ulizolisha zinapotea moja kwa moja. Ili ivuke hatua kubwa, unahitaji nakala ingine ya kadi ileile. Hiyo nakala huinunui unapotaka wala huchagui, unangoja gemu ikupe. Hadithi inakwenda vizuri, unapita, unapita, halafu ghafla unafika kwenye vita ambapo upange unavyopanga, minara yako haina nguvu ya kutosha. Akili haitoshi tena. Unarudi nyuma kupigana vita ndogondogo ili uokote kadi. Wale wanaosema macho yanauma wanasema kweli, na wanaosema tamu wanasema kweli.

Mimi ningeinunua. Lakini mimi ni mtu wa kupenda kukusanya.

Kasapa_Hesabu

Usiku ameeleza vizuri, niongeze hesabu tu ili Kijana aone kwa nini maoni yanagongana. Huu ni mfano wangu, si takwimu za Nival.

Chukua kadi 20, kila moja na nafasi sawa ya kutoka, na kila vita inakupa moja. Unaitaka kadi moja hasa. Kwa wastani itakuchukua vita 20. Watu wanasikia hivyo wanadhani baada ya 20 lazima iwe imetoka. Hapana. Nafasi ya kuikosa kila mara ni 0.95. Ukizidisha mara 20 unapata kama 0.36. Zaidi ya theluthi moja ya wachezaji wamepigana vita 20 na kadi hiyo hawajaiona. Ukidai nakala mbili ili uikuze, wastani ni 40. Ukidai zote 20, wastani unafika 72. Na hapo nimefanya zote ziwe sawa. Gemu za namna hii zinazifanya kadi kali ziwe adimu.

Kwa hiyo watu wawili wanalipa bei ileile na wanapata gemu mbili. Aliyeokota kadi kali mapema anapita kwa raha na anaandika maoni mazuri. Aliyekosa anarudia vita zilezile, naye anaandika yake. Wote wamesema kweli, ila kila mmoja ameeleza bahati yake. Ukisoma maoni tena, tafuta yule anayesema alikwama wapi na alifanya nini ili atoke. Huyo ndiye wa kumsikiliza.

MamaSombe_Kenya

Wanangu, mimi nauza sombe (majani ya muhogo) soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na jioni nikingoja wateja nacheza Plants vs. Zombies. Msicheke.

Ile ya 2009, ya PopCap. Hizo kadi mnazozisema ziko humo humo. Kabla ya kila vita unachagua mimea utakayoenda nayo, nafasi zina mwisho, kila mmea una bei yake ya jua, na ukiupanda lazima ungoje kidogo kabla ya kupanda mwingine wa aina ile. Tofauti ni moja, lakini ni kubwa: mmea mpya unaupata kwa mpangilio. Ukishinda hatua fulani unapewa mmea fulani, mimi na mtu wa Kinshasa tunapewa uleule. Hakuna kubahatisha.

Hiyo ya Nival naona ni kama kununua ndakala (samaki wadogo wakavu) ndani ya mfuko uliofungwa. Mara nyingi utapata wazuri, sikatai. Lakini mtu mwenye pesa ya mfuko mmoja kwa mwaka aombe kufunguliwa kwanza.

Kijana_Katuba

Mama, heshima. Hii nimeielewa vizuri kuliko hesabu ya Kasapa, anisamehe. Lakini ndiyo kusema kadi za kubahatisha hazina faida hata moja? Mimi kile kitu cha kufungua zawadi bila kujua kilichomo kinanifurahisha, siwezi kudanganya.

Kasapa_Hesabu

Faida iko. Bahati inakulazimisha kucheza kwa namna ambayo usingeichagua. Ukipewa vyote, utachagua minara mitatu unayoipenda na utamaliza nayo gemu nzima. Ukinyimwa, unajifunza kutumia mnara uliokuwa unaudharau. Hapo kadi zinaleta maisha.

Shida ni muda gani bahati mbaya inakufuata. Angalia Slay the Spire ya Mega Crit, iliyokamilika 2019. Si ya minara, ni kadi tupu, lakini inafundisha. Kadi unazopewa ni za kubahatisha, na unachagua moja kati ya chache. Ukipata mbaya, unakufa, unaanza safari mpya na kadi zile hazikufuati tena. Bahati mbaya inaisha jioni ileile. Kwenye Prime World: Defenders kadi ni mali yako ya kudumu, kwa hiyo hata bahati mbaya unaishi nayo. Kadi uliyoilisha nguvu zote wiki mbili, halafu inakuja bora yake... utaona mwenyewe.

Usiku_Kamalondo

Hapo umenigusa, Kasapa.

Bukavu_Ziwani

Salamu toka Ibanda. Mdogo wa Kijana hakuna aliyemsikiliza. Clash Royale ya Supercell, Wafini, 2016, ndiyo gemu ambayo kadi ni kadi kweli. Unaingia na 8, nne tu ziko mkononi. Ukitumia moja, inaingia nyingine kwa zamu, na ile uliyotumia inazunguka mpaka irudi. Kila kadi inakula eliksiri (nguvu ya kuilipia), na eliksiri haipiti 10. Dakika tatu, dakika ya mwisho eliksiri inajaa mara mbili haraka. Unalinda minara yako mitatu na unapiga mitatu ya mwenzako. Unahesabu kadi za mwenzako: ametumia jitu, bado kadi fulani ndipo lirudi, sasa ndiyo saa yangu. Akili ya namna hiyo Prime World: Defenders haina.

Ruashi_Boy

Clash Royale si gemu ya minara. Ni mapigano. Gemu ya minara unajenga, unatulia, unatazama.

Bukavu_Ziwani

Mnara uko, kulinda kuko, kadi ziko. Unataka nini kingine?

Ruashi_Boy

Nataka kutulia.

Bukavu_Ziwani

Hahaha, sawa. Lakini nisimfiche Kijana upande wa pili. Bila rezo (mtandao) huchezi hata dakika moja. Rezo ikishuka katikati, mchezo hautakungojea: unaona jeshi limesimama, ikirudi unakuta mnara umeanguka. Na kadi zina ngazi. Utakutana na mtu ambaye hakuzidi akili ila kadi zake zimepanda kuliko zako, maana amecheza muda mrefu ao ametoa pesa. Ni ya bure mlangoni. Ndani kuna duka.

Kijana_Katuba

Rezo ya kwetu hiyo naijua. Basi mdogo wangu acheze kwa simu yake, mimi nibaki na laptopu.

Swali lingine: umeme ukikatika katikati ya vita inakuwaje?

Usiku_Kamalondo

Vita si ndefu. Ukikatikiwa unairudia ile moja, kadi ulizokwisha pata ziko palepale. Kwa hali yetu hilo ni jambo kubwa. Kuna gemu za mikakati ambazo vita moja inakula usiku mzima, na ukizimikiwa unalia.

Fundi_Kampemba

Naona mmeongea utamu na uchungu, hakuna aliyegusa mambo ya kununua, na huko ndiko watu wanapoliwa.

Utainunua Steam, duka la gemu la intaneti. Huko unahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya intaneti. Kama huna, mwombe ndugu unayemwamini alipie kwa yake, umpe dola mkononi. Usinunue "akaunti yenye gemu ndani" kwa mtu wa kikundi cha WhatsApp. Leo unaingia, kesho mwenye akaunti anabadilisha neno la siri na namba yake haipatikani.

Pili, Steam inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Watu wanapenda kusema "jaribu, ukichoka rudisha". Kwa gemu hii kanuni hiyo haikusaidii sana. Saa mbili za kwanza ndizo tamu kuliko zote: kadi mpya kila mara, adui wepesi, kila kitu kinapanda. Kurudiarudia anakokulalamikia kila mtu kunaanza mbele, wakati saa zako zimekwisha. Tumia saa mbili hizo kupima laptopu tu, kama inaibeba bila kukwama. Kama utaipenda ao hutaipenda, hilo halitajulikana ndani ya saa mbili.

Tatu, usiilipie bei kamili. Steam ina punguzo kubwa mwishoni mwa Juni na lingine Desemba. Gemu ya 2013 haina sababu ya kununuliwa nje ya siku hizo. Iweke kwenye orodha yako ya matamanio, utapata taarifa.

Nne, kabla ya kupakua angalia ukubwa wake ulioandikwa kwenye ukurasa wa duka, ulinganishe na forfe yako. Pakua yote pale unapopata intaneti nzuri, ifungue mara moja ukiwa na rezo, halafu iweke Steam kwenye hali ya bila mtandao. Baada ya hapo unacheza Katuba bila kutumia mega.

Na batri: punguza mwanga wa skrini, weka kompyuta kwenye hali ya kuokoa nguvu, na ndani ya gemu shusha ubora wa picha. Laptopu ya ofisi haitapenda kufuka moshi kwa ajili ya mazimwi.

Kijana_Katuba

Fundi, aksanti sana. Hiyo ya saa mbili sikuwahi kuifikiria, nilikuwa naitegemea kabisa.

Basi nimeamua kungoja Juni. Mpaka hapo nitachukua Kingdom Rush kwa simu, Ruashi_Boy asiseme nimemdharau. Usiku, swali la mwisho: nikiinunua, kadi nianze kukuza ipi? Sitaki kukwama pale uliposema akili haitoshi tena.

Usiku_Kamalondo

Siwezi kukwambia jina la kadi moja, maana sijui utapewa zipi, na hilo ndilo tumelizungumza mchana kutwa. Fuata kazi ya kadi. Chagua mmoja wa kupunguza mwendo, mmoja unaofika angani, mmoja wa kupiga kundi la watu wengi kwa pamoja. Hao watatu uwalishe, wengine waache njaa. Wanaokwama haraka ni wale wanaogawa sawasawa, kila kadi kidogo, halafu hakuna hata moja yenye meno.

Ukipata nakala ya kadi ambayo ni kati ya hao watatu, usiilishe kwa nyingine kwa haraka. Iweke. Nakala ni ngumu kupata kuliko nguvu.

Na ukiona vita ya hadithi imekugomea, usiipige tena na tena ukidhani utapanga vizuri zaidi. Badilisha minara uliyoibeba kwanza. Ikigoma bado, ndipo urudi kwenye vita ndogo, na uweke kitu cha kusikiliza masikioni, maana hizo hazidai kichwa.

Kijana_Katuba

Nakala mbili za kadi dhaifu je? Nizikuze ao nizilishe?

Usiku_Kamalondo

Zilishe. Isipokuwa kama ni ya kupunguza mwendo. Hiyo hata ikiwa dhaifu, utaihitaji mpaka mwisho.

MamaSombe_Kenya

Kijana, simu yako ina nafasi? Nipitie sokoni Jumamosi nikuoneshe yangu kabla hujatoa dola kwa wazungu.